Namna ya kumwandika aliyetenda wema akaenda zake

Habari ya kwanza niliyoandika kuhusu mtu jasiri ilininyima salamu za mtu huyo kwa miezi minane. Alikuwa fundi baiskeli, mzee mpole, mwenye tabia ya kulikwepa swali lako kwa kukuuliza hali ya mguu uliokusumbua mwaka juzi. Mtoto wa miaka sita alikuwa ametumbukia kwenye kisima kilichoachwa, na yeye ndiye aliyeshuka kumtoa. Nilifika kesho yake na daftari, nikakaa naye robo saa, nikarudi kuandika kurasa tatu zenye neno "shujaa" mara kumi na moja. Hesabu hiyo niliifanya baadaye, kwa aibu. Watu walizisoma kurasa zile, wakapelekeana, wengine wakaniambia wamelia. Yeye aliposomewa alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, umenivua nguo."

Nilidhani ni unyenyekevu wake tu. Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa vizuri jinsi alivyokuwa ananisahihisha.

Tangu hapo nimeandika habari za watu wa namna yake zaidi ya arobaini. Baadhi ziliandikwa ili zisomwe kwenye hafla ya kustaafu, nyingine kwenye maziko, chache zilipata wasomaji wengi. Kama nawe kuna mtu unayetamani kumwandika, mtu ambaye mkimkuta atawaambia hakuna cha kuandikwa, haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

Kwanza, kumpata

Usitangaze kwamba unatafuta mashujaa. Ukitangaza watakuja wanaojijua, na wanaojijua huwa wameshaiandaa hadithi yao, ina mwanzo, kilele na makofi. Mimi huuliza watu swali moja: "Ukipatwa na shida saa nane za usiku, utagonga mlango wa nani?" Uliza watu kumi mahali pamoja, kazini au mtaani. Jina moja litarudi mara tatu au nne, na mara nyingi halitakuwa la kiongozi wala la mwenye mali. Mwenye jina hilo ndiye wa kwenda kumwona.

Njia ya pili ni kusoma habari iliyokwisha kuandikwa kisha kujiuliza nani ameachwa nje. Mfano unaoniuma mpaka leo ni wa Kitty Genovese, msichana aliyeuawa Queens, New York, usiku wa tarehe 13 Machi 1964. Wiki mbili baadaye gazeti kubwa la mji huo liliandika kwamba majirani 37 walishuhudia na hakuna aliyepiga simu polisi wakati anashambuliwa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, ikaingia kwenye vitabu vya saikolojia, ikawa ushahidi kwamba watu wa mjini hawana utu. Miaka ilipopita ikajulikana kwamba ilikuwa imetiwa chumvi nyingi: wengi wa hao walisikia kelele tu wasione kitu, mmoja alimkemea mshambuliaji kutoka dirishani mpaka akakimbia kwa muda, na jirani mmoja, Sophia Farrar, alishuka ngazi usiku ule bila kujua kama muuaji bado yupo, akamkuta Kitty kwenye sakafu, akamkumbatia mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba habari yake ilikuwa na kasoro kubwa. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa dunia ilifundishwa kuhusu jengo lisilo na mtu mwema, na mtu mwema alikuwa anaishi humo humo.

Basi ukisikia watu wanasema "hakuna aliyesaidia", usikubali upesi. Uliza tena.

Kumwomba

Ukimwendea mtu mnyenyekevu ukamwambia "nataka kuandika ushujaa wako", umeshamfunga mdomo. Akikubali, amejipa cheo. Akikataa, amekuvunjia heshima. Unamweka kwenye njia panda asiyoitaka. Siku hizi nasema, "Nataka kuelewa jambo lile lilifanyikaje." Hilo halimtaki ajisifu. Linamtaka aeleze kazi, na watu wa aina hii hupenda kueleza kazi.

Atakataa mara ya kwanza. Kuna kukataa kwa haya, ambako mtu anasema hapana huku bado amekuelekea. Hapo ondoka, rudi baada ya wiki, na usirudi na daftari mkononi. Kuna kukataa kwa kuelekeza kwa mwingine: "Nenda kwa fulani, yeye ndiye aliyefanya." Nenda kweli kwa huyo fulani. Hajakukwepa, amekupa shahidi. Na kuna kukataa kwa mtu ambaye jambo lile bado linamwamsha usiku. Huyo mwache. Nimewahi kumwendea mara ya tatu mwanamke aliyewatoa watu kwenye ajali ya basi, na ile mara ya tatu alianza kutetemeka mbele ya watoto wake. Sikuandika, na sitaiandika.

Maswali

Swali la "ulikuwa unafikiria nini wakati ule?" lifute kabisa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, David Rand na Ziv Epstein, walichambua maneno ya watu 51 waliopewa nishani ya Carnegie, ile ya mfuko ulioanzishwa 1904, ambayo hupewa raia wa kawaida waliohatarisha maisha yao kuokoa wengine. Walitaka kujua kama watu hao walitenda kwa kutafakari au kwa msukumo wa papo hapo. Jibu lilielemea sana upande wa msukumo, hata pale ambapo palikuwa na nafasi ya kutafakari. Maana yake kwako mwandishi ni kwamba ukimuuliza alichokuwa anafikiria, unamwomba kitu ambacho huenda hakuwa nacho. Ama atakujibu "sikufikiria chochote", ama, kwa kukuonea huruma, atakutungia.

Uliza mikono ilikuwa wapi. Uliza alivua nini kabla ya kuingia, viatu aliviweka wapi na nani alimrudishia. Uliza nani alikuwa amesimama kushoto kwake. Uliza ni kitu gani kilikuwa kizito kuliko alivyotegemea. Uliza alifanya nini saa moja baadaye; hili ndilo swali langu kipenzi. Tarehe 2 Januari 2007, Wesley Autrey, mfanyakazi wa ujenzi mwenye miaka 50, alikuwa amesimama na mabinti zake wawili wadogo kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi New York. Kijana mmoja akashikwa na kifafa akaangukia relini, na treni inakuja. Autrey akaruka, akamlalia katikati ya reli mbili, mabehewa yakapita juu yao. Unaweza kulieleza hilo kwa sifa za kurasa tano. Lakini mimi nakumbuka mambo mawili: kofia yake ilibaki na alama ya grisi ya treni, na baada ya kwenda kumwona yule kijana hospitalini alikwenda kwenye zamu yake ya usiku. Grisi inakupa umbali kati ya kichwa na chuma. Zamu ya usiku inakupa mtu mwenyewe.

Vitu kama hivyo havitoki kwenye swali la hisia. Vinatoka kwenye swali la kofia.

Ukishauliza, nyamaza. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kujaza ukimya kwa maneno: "Bila shaka uliogopa sana, eh?" Naye kwa adabu anaitikia, kisha naandika "aliogopa sana" kana kwamba amesema yeye. Siku hizi nikimaliza swali nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano. Wengi huanza kusema kwenye kumi na mbili.

Sikiliza sarufi yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo siri ilipo, na lugha yetu inaificha vizuri kuliko nyingi.

Mnyenyekevu hujificha kwenye vitenzi. Ana maficho matatu. La kwanza ni "tu-". Aliingia peke yake kwenye nyumba inayowaka, lakini atasema "tukaingia, tukawatoa". Ukimuuliza mlikuwa wangapi, anatafuta pa kutazama. La pili ni lile "tu" dogo la mwisho wa sentensi: "nilimshika tu", "nilikaa naye tu", "nilimpa damu tu". Kila unapolisikia, piga mstari kwenye daftari. Neno hilo ni kama jiwe linalowekwa juu ya karatasi isipeperuke. Inua jiwe uone karatasi imeandikwa nini. Muuguzi mmoja aliniambia "usiku ule nilikaa tu na wagonjwa". Nilipoinua lile "tu" nikakuta kwamba umeme ulikatika, mashine ya kupumulia ikazimika, na yeye alimpulizia mgonjwa hewa kwa mfuko wa mkono, anaubonyeza na kuuachia, kwa saa tatu na nusu. Vidole vyake havikukunjuka sawasawa kwa siku mbili. "Nilikaa tu."

Ficho la tatu ndilo gumu: kauli ya kutendwa. Fundi wangu wa baiskeli alinisimulia habari nzima ya kisima kwa sentensi hii, na bado ninayo kwenye daftari: "Kamba ikaletwa, fundo likafungwa, nikashuka, mtoto akatolewa." Iangalie vizuri. Kitendo chake peke yake alichokikubali ni kushuka. Mtoto "akatolewa", kana kwamba kisima kilimtema. Siku hizi nikisikia "ikaletwa" nauliza "ililetwa na nani?", nikisikia "akatolewa" nauliza "alitolewaje, kwa mkono upi?" Fanya hivyo kwa kila kitenzi cha namna hiyo, kila kimoja, usiruke. Mimi mwenyewe niliruka kimoja katika sentensi ile ile, na nitakueleza kilichonipata.

Kuhakiki

Mtu mnyenyekevu hupunguza, wanaompenda huongeza, na wewe upo katikati. Tafuta watu watatu waliokuwepo, uwaulize kila mmoja peke yake. Usiwaulize pamoja, wakikaa pamoja hadithi inakuwa moja, na anayesema kwa sauti kubwa ndiye anayeamua ilivyokuwa. Wakitofautiana kuhusu saa au idadi, andika kiasi ambacho wote wanakubaliana, au acha idadi kabisa. Hadithi nzuri haidhuriki kwa kukosa namba. Inadhurika kwa namba ya uongo.

Na mpe nafasi ya kuwataja wenzake, kisha uwaandike kweli. Nicholas Winton, dalali wa soko la hisa London, alisaidia kuwatoa Czechoslovakia watoto 669, wengi wao Wayahudi, mwaka 1939 kabla ya vita. Treni iliyokuwa iondoke tarehe 1 Septemba ikiwa na watoto wapatao 250 haikuondoka, kwa sababu siku hiyo vita vilianza. Umma ulimjua mwaka 1988 tu, kupitia kipindi cha televisheni, baada ya kitabu chenye orodha za watoto hao kutolewa nyumbani kwake. Hadithi hiyo husimuliwa kama kazi ya mtu mmoja. Yeye mwenyewe hakuchoka kusema kwamba waliobaki Prague, kama Trevor Chadwick na Doreen Warriner, ndio waliokuwa na hatari shingoni, ilhali yeye sehemu kubwa ya kazi aliifanya akiwa London, jioni baada ya saa za ofisi, akihangaika na fomu, vibali na familia za kuwapokea watoto. Wengi wetu tulisikia maneno hayo tukayahesabu kuwa unyenyekevu, tukaendelea kumsifu peke yake. Yalikuwa taarifa. Ungeyafuata ungepata watu wengine wawili wa kuandikwa.

Kipimo

Kosa la kumkuza mtu kila mwandishi analijua. Kosa la kumpunguza ni jepesi kulifanya, maana linafanana na heshima. Rosa Parks alipokataa kumpisha mzungu kiti cha basi mjini Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955, dunia ilimpenda kama fundi cherehani aliyechoka miguu. Inavutia: mama mpole, ametoka kazini, amechoka, hakuinuka. Lakini alikuwa na miaka 42, tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la chama kilichopigania haki za watu weusi mjini pale, na majira ya joto ya mwaka ule ule alikuwa amehudhuria mafunzo Tennessee kuhusu namna ya kuvunja ubaguzi. Alimjua Claudette Colvin, msichana wa miaka 15 aliyekamatwa mwezi Machi kwa kukataa vile vile. Parks mwenyewe alikanusha habari ya kuchoka mwili. Alisema alichokuwa amechoka nacho ni kuendelea kukubali. Mgomo wa watu weusi kutopanda mabasi uliofuata ulidumu siku 381. Anayemwandika kama mama aliyechoka tu amempokonya miaka 12 ya kazi ya kujiandaa. Kwa hiyo mtu wako akiwa mnyenyekevu, usimfanye wa bahati mbaya. Uliza: kabla ya siku ile, alikuwa amefanya nini kidogo kidogo ambacho hakuna aliyekiona?

Sasa maneno ya kufuta. Nikimaliza rasimu napita na kalamu nyekundu nafuta "shujaa", "malaika", "moyo wa simba", na kila "bila". Bila woga, bila kujali maisha yake, bila kusita. Hili la mwisho ndilo lililonigombanisha na fundi.

Baada ya ile miezi minane alirudi kunisalimu, akanieleza. Niliandika kwamba "bila kusita akajitosa kisimani". "Nilisita," akasema. "Nilisita makusudi, watu wakanitukana." Ujanani alifanya kazi ya kusafisha matangi, na mwenzake mmoja aliingia kwenye tangi akazimia, mwingine akaingia kumtoa, wote wawili wakatolewa maiti. Kwa hiyo pale kisimani, watu wakipiga kelele na mama wa mtoto ameshikwa asijirushe, yeye alikaa dakika kadhaa akitaka mambo matatu: kamba kiunoni, watu wanne wa kuishika, na ishara. Akivuta mara moja yuko salama, akivuta mara mbili wampandishe, akikaa kimya kwa hesabu ya hamsini wampandishe kwa nguvu hata kama hana mtoto, na mtu mwingine asishuke. Mimi nilizifuta dakika hizo zote kwa maneno mawili matamu. "Sasa mtoto wa mtu atasoma," akaniambia, "atakuta mwenzake amezama, atajitosa bila kusita. Utamwandika na huyo?"

Nikaenda kutafuta maarifa. Nikakuta kwamba mwaka 1986 taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini ilitoa tahadhari kuhusu matangi, mashimo na nafasi nyingine zilizofungika: zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa humo walikuwa watu walioingia kuokoa wengine. Hewa mbaya haionekani, na pengine hainuki. Aliyetangulia ameanguka, wa pili anadhani ameteleza tu, anashuka. Tangu nilipoisoma, katika kila habari ya uokoaji naandika alichofanya mtu kabla ya kuingia, kwa hatua, hata kama inapunguza kasi ya simulizi. Msomaji akichoka hapo, acha achoke.

Na woga uandike, kama upo. Lakini autaje yeye, kwa maneno yake, na kama ni wa baada ya tukio useme ni wa baada. Wengi huogopa jioni.

Wale wasio na kamba wala moto

Mpaka hapa nimesema kana kwamba ujasiri wote huchukua dakika kumi. Zaidi ya nusu ya watu niliowaandika hawakuokoa mtu yeyote kwenye maji. Yupo mtu aliyemtunza ndugu mwenye ugonjwa wa akili kwa miaka kumi na tisa, na yupo mlevi aliyeacha, akarudi kwa kila aliyemwibia kumlipa. Hawa ni wagumu kuwaandika kwa sababu hakuna tukio. Shauri langu ni moja: chagua siku moja ya kawaida, uiandike saa kwa saa, na usiwe na haraka ya kutaja miaka. Kaa naye siku hiyo kama ataruhusu. Saa kumi na moja alfajiri mpaka anapozima taa. Miaka itajionesha yenyewe kwenye namna anavyofungua kifuniko cha dawa gizani bila kutazama.

Aliyesema ukweli kazini ana mambo yake. Nilimwandika mhasibu aliyekataa kutia saini hesabu za uongo. Nilibadili mji, jinsia na aina ya biashara, nikadhani nimemficha. Aliposoma akaniuliza, "Na huu mlango wa kijani?" Nilikuwa nimeutaja mlango wa ofisi kwa sababu uliipendeza sentensi. Kila aliyefanya kazi pale angeujua. Kwa watu hawa, fuata kanuni hii: vitu vile vile nilivyokuambia uvitafute, kofia na viatu na milango, ndivyo vitakavyomsaliti. Mpe aorodheshe mwenyewe vya kutoa. Toa vyote, hata kama habari itabaki mifupa. Na kama bado ana kesi au bado anafanya kazi pale pale, subiri. Nina moja iko kabatini mwaka wa nne.

Jambo dogo kuhusu picha: wasomaji watataka uso. Mimi hupiga picha ya mikono au ya kifaa, na mwenye nafsi yake akitaka uso utoke, atasema.

Sifa nazo zina gharama, na umwambie mapema. Mamoudou Gassama, kijana wa Mali mwenye miaka 22, alipanda roshani nne kwa mikono mitupu Paris mwezi Mei 2018 kumwokoa mtoto aliyekuwa ananing'inia. Kwake sifa zilileta uraia wa Ufaransa na nafasi katika kikosi cha zimamoto. Kwa wengi huleta watu wanaobisha hodi kuomba mkopo, na ndugu wanaouliza kwa nini huyo mgeni alisaidiwa na wao hawakusaidiwa. Mweleze hayo kabla hujachapisha, naye aamue.

Kumsomea

Rasimu ikikamilika, msomee kwa sauti. Usimwachie karatasi, atasema ni nzuri ili uondoke. Soma taratibu, ukimtazama mikono zaidi ya uso. Mkono ukihama, simama uulize. Mimi humpa ruhusa ya kufuta chochote, na nimewahi kupoteza sentensi zangu nzuri kuliko zote kwa njia hiyo. Nililalamika moyoni, kisha nikazoea.

Habari ya kisima niliiandika upya mwaka wa pili. Safari hii niliweka dakika zote za kusita, wale wanne wa kamba, hesabu ya hamsini, na kwamba alipomshika mtoto alimshika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umechubuka kwenye ukuta. Neno "shujaa" halimo hata mara moja. Nilimsomea pale pale kibandani kwake, yeye ameshika gurudumu analinyoosha. Alisikiliza mpaka nilipofika mahali niliposoma, "akafunga fundo kiunoni, akalijaribu mara mbili".

Gurudumu likasimama.

"Fundo sikulifunga mimi," akasema.

Nikamwambia, lakini Baba, uliniambia fundo lilifungwa. "Nilikuambia likafungwa," akasema. "Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, haikushika. Alifunga yule binti anayefunga mizigo kwenye malori. Alinisukuma mikono akafunga yeye. Hilo fundo ndilo lililotupandisha mimi na mtoto, na hakuna aliyemuuliza hata jina."

Nililikuta lori siku ya tatu. Binti alikuwa juu ya shehena, kamba ameibana kwa meno, hakutaka kushuka. Nikamweleza kutoka chini nilichokuja kutafuta. Akaitoa kamba mdomoni.

"Kile kisima?" akasema. "Mimi nilifunga tu."